Bei ya Januari

Lori kuukuu halitazamwi usoni. Mtu akifika yadi akaanza kusifia rangi na taa, dalali anajua huyo ameshaliwa, kilichobaki ni kugawana minofu. Mimi haya nilifundishwa na Singasinga mmoja mwenye gereji pale Moshi mjini, mzee wa kilemba cheupe ambacho sikuwahi kukiona na tone la oili, na mpaka leo sijui alikuwa anafanyaje. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia uvunguni mwa lori na kimya chake. Akitoka huko amepata bei. "Uso watu wanapaka," alikuwa akiniambia. "Tumbo nani anapaka?" Chesi iliyowahi kukatika ikaungwa hata kama ni miaka kumi nyuma, yeye aliiona.

Basi na mimi nikalala uvunguni. Shule niliishia darasa la nne, baba akanitoa nikakate majani ya ng'ombe, kwa hiyo soko la malori nalieleza kama nilivyoliona nikiwa nimelala chali. Nimekuwa dalali tangu nywele nyeusi. Nimeuzia watu wa ndizi, watu wa mahindi, watu wa mawe na mchanga, na padri mmoja aliyetaka lori la kujengea kanisa akanipunja kuliko Mhindi yeyote niliyewahi kufanya naye biashara. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Bei ya malori kwetu ilikuwa na msimu wake, kama kahawa. Mahindi yakikauka kule tambarare kila mtu anataka lori, bei inapanda mpaka karibu na Novemba. Masika ikifika bei inalala, maana nani anunue lori likazame kwenye tope? Na Januari ndiyo kaburi. Januari kuna ada za shule, na kuna jambo lingine ambalo mgeni hawezi kulielewa mpaka aoe huku. Mchagga hauzi kabla ya Krismasi kitu kinachoonekana kutoka barabarani. Atauza kiwanja chake cha Dar ambacho hakuna anayekijua. Lakini Desemba mlima mzima unarudi nyumbani, kutoka Dar, Mwanza, Mbeya, na kila mmoja akipita anatupa jicho kwenye kihamba, shamba la nyumbani la mwenzake, kuona nini kimeongezeka na nini hakipo. Sasa ukute pale lilipokuwa lori pana madoa ya oili tu chini. Watu wanavumilia mpaka wageni waondoke, halafu Januari wote wanashuka kwa pamoja na malori yao, na mnunuzi anatembea katikati kama bwana harusi anayegombewa.

Nimewaambia watu miaka yote: uza mwezi wa kumi. Wananijibu, "Kweli mzee." Nawaona Januari.

Na sisi tulikuwa na letu. Mjapani wa tani saba, nililipata wakati ndizi zilikuwa na pesa. Lilibeba ndizi kutoka soko la Kwa Sadala kwenda Dar mpaka bodi yake ikanukia utomvu, hata likioshwa. Nyumbani kwetu ni juu ya Kwa Sadala, unapanda kidogo, na lori lilikuwa linalala uani mbele ya baraza. Lilipozeeka likaacha Dar, likabaki na vijisafari vya mawe na kifusi. Lilitulisha hivyo hivyo.

Halafu mama watoto akaanguka. Alikuwa anavuka mfereji na mzigo wa majani kichwani, mahali alipovuka tangu aolewe. Nyonga ilivunjika. Hospitalini mjini wakatuambia lazima awekewe ya bandia, na kwamba tukichelewa mfupa utaharibika zaidi. Wakataja milioni kumi na kitu. Kadi yetu ya bima ilikuwa imeshakufa. Watoto wetu wanachanga, siwezi kuwasema vibaya, lakini mchango wao ulikuwa unaishia kwenye dawa za maumivu. Kilichobaki chenye bei pale nyumbani kilikuwa lori. Hilo kila mtu alilijua, hata kuku.

Ilikuwa Oktoba, mwezi wangu. Akapanda mfanyabiashara mmoja wa vitunguu, mtu mcheshi, tumbo limetangulia. Akaingia uvunguni mwenyewe, nikamheshimu.

"Mangi," akasema akijipangusa, jina wanalotuita Wachagga wote, "unaniuzia lori au unaniuzia kumbukumbu?"

"Nakuuzia chesi isiyowahi kuguswa na fundi wa kuchomelea."

"Giaboksi inalia."

"Na wewe ukifika umri wake utalia."

Akacheka mpaka akashika bodi. Tukavutana, akafika milioni kumi na nne. "Kumi na nne, na mafuta yaliyomo ni yangu."

"Mafuta yaliyomo hayajazi kibatari, chukua."

Alitaka kuondoka nalo Ijumaa. Nikamwomba akae kwenye baraza anywe chai, nikaingia ndani kumwambia mama watoto. Alikuwa kwenye kiti chake, mto umewekwa kiunoni.

"Ijumaa hii?" akauliza. "Na Krismasi je?"

"Krismasi itakuja lori halipo, basi."

"Na mimi niko kwenye kiti."

"Krismasi utakuwa unatembea na fimbo, mama."

"Sitakuwa. Wale wa hospitali walisema miezi. Baba, kukaa nitakaa, nimeshazoea. Lakini ndugu zangu waje wakute mimi sitembei na lori halipo, vyote kwa pamoja? Watasema hapa pamekwisha. Watatupa pole kama wamekuja msibani."

"Januari bei inakufa. Mimi ndiye ninayewaambia watu."

"Kama si kumi na nne itakuwa kumi na mbili. Hizo mbili nitazilipa mimi kwa kuumwa."

Anayeumwa ni yeye. Na sitamsingizia: aliposema hivyo, na mimi nilipumua. Nilikuwa nimeshaanza kuuona ua ule mtupu, na shemeji zangu wakishuka kwenye magari yao. Nikatoka nje nikamwambia mtu wa vitunguu arudi baada ya mwaka mpya. Akanitazama hivi. "Mzee, wewe si dalali?" Akamaliza chai yake, akaondoka.

Desemba nikanunua kopo la rangi ya bluu, nikapaka uso wa lori. Mimi huyu huyu. Nikaosha tairi. Lori likasimama pale uani kama mtu aliyenyoa kwa ajili ya picha ya kitambulisho.

Wageni wakaja. Tulitoka misani, mbuzi akachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Vijana wa mjini wakalizunguka lori wakipiga picha na simu zao, na nikafurahi kidogo, mpaka nikamsikia mmoja akisema, "Cheki la kizamani! Hili bado linawaka kweli?" Wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Walilipiga picha jinsi watu wanavyopiga picha ya gofu la kale.

Mdogo wake mama, shemeji yangu anayekaa Mwanza, alikuwa ameketi karibu nami. Huyu ndiye hasa tuliyekuwa tunamwogopa, maana ana duka na gari jeupe. Alikuwa anamtazama dada yake, ambaye binti zetu wawili walikuwa ndio kwanza wamembeba kwenda chooni na kumrudisha.

"Shemeji, hilo lori linatembea?"

"Linatembea."

"Lina bei gani?"

Nikajibu kwa mdomo wa biashara, bila kufikiri. "Mwezi wa kumi lilifika kumi na nne."

Akaweka kata ya mbege chini. "Na nyonga ya dada ni bei gani?"

Alikuwa anajua, tulikuwa tumemwambia kwenye simu.

"Kwa hiyo dada yangu anabebwa kama mtoto, na nyonga yake imesimama uani, mmeipaka rangi?"

Watu barazani wakageuka. Hata wale vijana. Mama akasema, "Aliyekataa ni mimi. Usimseme. Nilikataa kwa sababu yenu."

"Yetu sisi?"

"Mngesema tumekwisha."

"Dada," akasema, "nani amepanda mlima huu kuja kuangalia lori?"

Mama alivuta khanga akajifunika magoti, ingawa yalikuwa yamefunikwa. Asubuhi yake shemeji aliondoka mapema kabla ya uji, akaacha pesa kidogo chini ya kikombe. Kumwomba tena baada ya maneno yale mama hakutaka kusikia. Hizo za chini ya kikombe zikawa dawa.

Januari nikateremka na lori mpaka yadi ya Shirimatunda. Nilikuta malori yamepangwa mpaka nje ya uzio, kila mwenye nalo amesimama kando akijifanya hana shida. Niliwajua wengi. Ni wale wale niliowaambia mwezi wa kumi. "Na wewe dalali?" mmoja akaniita kwa sauti. "Karibu kaburini, mzee, sogea tupishane!" Tukacheka, unadhani tungefanya nini.

Mtu wa vitunguu nilimpigia simu, akaja, mwungwana yule, lakini alikuja anaendesha lori la Mchina. Jipya, kiti bado kina nailoni. "Nimechukua kwa mkopo, mzee. Natanguliza kidogo, zilizobaki nazilipa lori likiwa barabarani. Siku hizi nani anahangaika na giaboksi inayolia?" Katika wanunuzi waliobaki pale mmoja akataja milioni nane, mwingine saba na nusu. Nane haikufika hospitali, hata kwa kupiga magoti. Nikajiambia, subiri, bei italala masika na itaamka na mahindi. Imeamka kila mwaka tangu nina akili. Nikalirudisha nyumbani.

Haikuamka. Hapo ndipo elimu yangu yote ya uvunguni iliponiishia. Mahindi yalikauka, watu wakataka malori kama kawaida, lakini walitaka Wachina wa mkopo. Na wale walioshindwa kulipa mikopo, malori yao yakakamatwa yakapigwa mnada, mapya kabisa, kwa bei ambayo zamani ungenunulia la kwetu. Sasa mtu mwenye pesa mkononi anunue Mjapani mzee wa nini? Halafu kuna simu. Siku hizi lori linauzwa kwenye simu, picha za uso tupu, mnunuzi yuko Dar hajainama hata mara moja. Nilikaa yadi wiki nzima hakuna aliyeniuliza kitu. Wananiamkia tu. Shikamoo mzee. Marahaba.

Wa saba na nusu nilipomtafuta alikuwa ameshanunua la mnada. Yule wa nane akasema sita, halafu tano, halafu akaacha kupokea simu. Na lori lenyewe, nililipeleka kubeba mawe kule Rau angalau lilete hela ya dawa, giaboksi ikafa na mzigo mgongoni. Ya kuchomoa kwenye lori lingine ilikuwa ghali kuliko kilichokuwa kimebaki cha lori lenyewe. Likavutwa mpaka nyumbani.

Aliyelichukua ni mtu wa vyuma chakavu. Kijana mpole. Hakuingia uvunguni, hakufungua boneti. Nikaanza kumweleza habari ya chesi.

"Mzee wangu," akasema, "mimi sinunui lori. Nanunua kilo."

Walilikata kwa gesi pale pale uani, siku mbili. Mama alikuwa barazani anaona yote. Nilimuuliza kama nimwingize ndani, akasema moshi haumsumbui. Ilipatikana milioni tatu na kitu.

Tulikwenda nazo hospitali. Daktari akapiga picha upya, akasema mfupa umelika, na nyonga ya pili nayo imechoka kubeba peke yake. Sasa ni kazi mbili. Alizungumza taratibu, kwa heshima, na mimi niliijua sauti ile, ndiyo niliyokuwa nawatolea watu Januari. Mama akauliza, "Hizi tulizo nazo zinafaa nini?" Tukatoka na dawa na kiti cha magurudumu. Kiti kizuri. Lakini kwetu ni mteremko mtupu, ukikiachia kidogo kinaelekea Kwa Sadala chenyewe, kwa hiyo kipo ndani, tunawekea nguo zilizofuliwa. Yeye yuko kwenye kiti chake kile kile cha mbao.

Kitu ambacho hatukuwa tumekifikiria ni jua. Lori liliposimama uani lilikuwa linakinga baraza, mchana wote pana kivuli. Sasa kuanzia saa nane jua linaingia mpaka ukutani, linampiga usoni. Ninamsogeza. Baada ya muda linamfuata, ananiita tena.

"Baba. Limenifikia."

"Nikusogeze wapi sasa? Huku kote ni jua."

"Popote," anasema. "Nigeuze tu nitazame ukuta."

Namgeuza.