Damu ya Jana

Mume wangu alianguka jioni kutoka juu ya paa, hapa mtaani kwetu Ndosho, akimpigilia jirani mabati. Kichogo chake kikagonga jiwe la volkano. Aliinuka mwenyewe, akacheka, akasema jiwe limemsalimia. Baadaye akatapika. Nilisema twende hospitali, lakini nani anamsikiliza mkwe? Mama yake alimwita mama mmoja wa maombi, wakamwekea mikono kichwani mpaka akalala.

Asubuhi maumivu yalikuwa yamezidi, tukampandisha pikipiki mpaka hospitali.

Daktari wa dharura alikuwa kijana mpole. Alitueleza kuwa siku hizi wana kipimo cha damu. Ubongo ukiumia, kuna kitu huvuja na kuingia kwenye damu; kikionekana, mgonjwa anapelekwa kupigwa picha ya kichwa kwenye skana. Kisipoonekana anarudi nyumbani, maana skana iko mbali na foleni yake haina huruma. Ila kitu hicho hakikai. Saa chache zikipita kinapungua, na kipimo hakiaminiki tena.

"Mama, alianguka saa ngapi?" akauliza.

"Leo asubui, Docta," mama mkwe akajibu. "Hatukumupitisha fasi ingine."

Nilijua kwa nini anadanganya. Wauguzi wa pale wana ulimi mkali. Ukikiri kwamba ulianzia kwenye maombi, wanakugombeza mbele ya watu wote, na yeye walishamgombeza siku alipomleta mjukuu baada ya maombi. Mume wangu alikuwa anasinzia, hakusikia kitu.

Majibu yakatoka: damu ni nzuri, aende nyumbani. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa sauti, akaanza kukusanya vitenge. Kwetu mkwe hamsahihishi mama wa mume wake mbele ya wageni. Lakini hasira ilinipanda. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio hicho kingekuwa changu.

"Unisamehe, Mama," nikasema. "Docta, alianguka jana mangaribi. Hiyo damu mulikamata imechelewa."

Daktari aliiweka karatasi kando, akaagiza apelekwe kwenye skana mara moja. Ndani ya fuvu damu ilikuwa imejaa upande mmoja. Wakampasua siku hiyohiyo. Hakuamka.

Kwenye kilio mama mkwe alikaa mkekani, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa upya.

"Alianguka asubui, tukamupeleka mbio. Damu yake ilikuwa muzuri, Docta akamuruhusu. Muke wake njo alikatala, akasema wamupasule."

Wageni walinitazama, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyeniuliza, na mimi ningeanzia wapi, maiti ikiwa ndani?

Nilimwekea chai mbele yake. Ninamchukia, na ninamhurumia pia, kwa sababu sidhani kwamba anadanganya tena. Ameshaamini kuwa mwanawe alianguka asubuhi.