Siku Limbu Aliponikataza Kugusa Waya

Usiponiamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe ningesimuliwa na mtu mwingine ningecheka. Lakini haya yalinipata mimi, hapa hapa Bariadi, mchana wa jua kali.

Mimi ni fundi wa AC. Kazi nilijifunza pamoja na Limbu, mtu wa Shishiyu, ambaye baadaye alioa Maswa akabaki huko. Siku hiyo niliitwa gesti moja, chumba cha ghorofani. AC inanguruma vizuri tu, chumba hakipoi. Nilipofungua nikakuta bomba limeganda barafu, nikasema hii gesi imepungua. Nikamwomba dada wa mapokezi azime swichi ya chumba hicho kule chini, nikapanda ngazi, kichwa nikakiingiza kwenye mashine.

"Mwadila," mtu akanisalimia Kisukuma kwa nyuma.

Sauti ya Limbu. Ningeikosea vipi? Nikaitikia bila kugeuka, nikamuuliza amefika saa ngapi.

"Siyo gesi," akasema. "Feni ya ndani inazunguka kivivu, kapasita inayoisukuma imechoka. Ila usiguse waya. Pima kwanza."

Nipime nini, na swichi imezimwa? Nikaweka testa, ile bisibisi yenye taa, ili kumridhisha tu. Ikawaka. Jamani! Dada alikuwa amezima swichi ya chumba kingine! Nikamwomba Limbu ashuke akamwambie, macho yangu bado yako kwenye zile nyaya. Nikasikia ndala zikiburuzika kwenda mlangoni. Punde testa ikazimika.

Nikabadilisha kapasita, chumba kikapoa. Kule chini dada akaniapia kwamba hakuna aliyepanda wala kushuka, na kwamba swichi ya chumba kile aliikuta imezimwa tayari nilipomwambia awashe. Bado nabishana naye, simu ikaita kutoka Maswa. Limbu alikuwa amefariki asubuhi ile. Umeme ulimpiga akiwa juu ya ngazi, anatengeneza AC ya watu.

Sasa niambie, nilikuwa naongea na nani?

Msibani nilimweleza mkewe yote. Hakushtuka. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini.

"Shemeji, uso wake ulikuwaje? Alionekana ana maumivu?"

Uso sikuuona. Mtu ametoka huko alikotoka, kaja mpaka chumbani kuniokoa, nami nikampa mgongo. Mama yule bado ananisalimia vizuri tukikutana, lakini kumtazama machoni siwezi.

Wewe unayenisikiliza, mtu wako akikuita ukiwa kazini, weka bisibisi chini. Geuka umtazame.