Nilivyoifunga V8 ya baba pointi za lori na ekzosi mbili bila kutoboa tundu hata moja

Wakuu, asalaam alaykum.

Nimeusoma mjadala wenu: ukimodify gari la zamani unaliharibu, usipolimodify halitembei. Nimecheka peke yangu hapa.

Kaeni niwape yangu. Hii si chai. Kwa umri wangu sina tena wa kumpendeza kwa uongo.

Na kabla hamjaniita mkuu, mie ni bibi. Nna wajukuu tisa.

Baba yangu, Mzee Haji, alikuwa dereva wa Mmarekani mmoja aliyefanya kazi kwenye mitambo ya kufuatilia vyombo vya angani, Tunguu, hapa Unguja. Mwaka 64, baada ya Mapinduzi, Wamarekani wale wakaondoka. Yule bwana akamwachia baba gari lake: V8, milango miwili, rangi ya maziwa. Kadi ikabadilishwa kwa jina la baba kabla hajapanda ndege.

Likinguruma kwetu Kikwajuni, jirani zetu wa Miembeni wanajua baba katoka.

Kisha vipuri vikakosekana. Kufika mwaka sabini gari limesimama bandani. Pointi zimeungua. (Kwa wasiojua, ni vile vidude viwili ndani ya distributor vinavyogusana na kuachana ili cheche iende kwenye plagi.) Ekzosi nayo imeliwa na chumvi, imebaki kutu.

Baba mwenyewe macho yalishaingia mtoto wa jicho. Mie nilikuwa mshonaji, miaka ishirini na moja. Spana nazijua tangu mdogo, maana baba hakupata mtoto wa kiume, wala hakuwahi kunambia kwamba hilo ni tatizo.

Siku moja akaja Bwana Makame, mkubwa wa usafiri wa serikali mtaani kwetu. Akalizunguka gari, akalipiga teke tairi.

"Mzee Haji, gari lisilotembea ni chuma tu. Injini hii itakwenda Kizimbani ikaendeshe pampu ya shamba la serikali. Una wiki mbili."

Baba akamuuliza, "Na likitembea?"

"Likitembea ni gari," akajibu, akaenda zake anacheka.

Wakuu, kile kicheko ndicho kilichonitia spana mkononi.

Baba alinipa sharti moja. "Zuhura, fanya utakalo, lakini usitoboe wala usikate. Nimelipokea zima, litabaki zima."

Nikaenda kwa Mzee Simai, fundi wa kuchomea, rafiki yake baba. Gerejini kwake kulikuwa na lori bovu limetupwa. Akanipa pointi zake na kondensa yake, kile kikopo kidogo kinachokinga pointi zisiungue. Shida ni kwamba hazikai kwenye ile sahani ya chuma ya ndani ya distributor yetu. Lazima utoboe matundu mapya.

Sikutoboa. Nilikitoa kile kisahani, nikakichora juu ya kipande cha chuma, Mzee Simai akanikatia cha pili. Matundu ya lori nikayatoboa kwenye hicho kipya. Cha Mmarekani nikakifunga kwenye kitambaa cha kanga na kukiweka kabatini.

Ekzosi nayo, badala ya bomba moja, nikaweka mbili, kila upande wa injini ukapumua peke yake. Zote nikazining'iniza kwenye kulabu zile zile za zamani, kwa vibano. Hakuna kilichochomewa kwenye bodi.

Majirani walisema sana. Mmoja alimwambia mama, "Huyo mwanao ataolewa na jeki."

Siku ya kumi na mbili likawaka. Wallahi, lilikuwa na nguvu kuliko siku lililokuja! Nikamkalisha baba pembeni yangu, nikaendesha mpaka Mnazi Mmoja na kurudi.

Makame akasikia. Sasa hakutaka tena injini. Alitaka gari zima, la kuchukulia wageni.

Akafungua boneti. "Hili limegeuzwa. Kadi haisemi pointi za lori wala ekzosi mbili. Ni kosa. Nalichukua."

Nkamwambia, "Vyangu nnavitoa sasa hivi. Chukua cha kwenye kadi."

Nikatandika gunia, nikaingia chini ya gari mbele ya mtaa mzima. Saa tatu nzima juani. Nikarudisha kila kitu cha zamani, zile pointi zilizoungua nikazisugua kwa msasa ili liwake. Kisha nikamwambia mbele ya watu: "Bwana Makame, kondensa hii ya zamani imechoka. Likipata joto litazima."

"Mtoto wa kike anifundishe gari?"

Akalichukua. Kadi hakuiomba hata.

Siku ya tatu likaja lori. Dereva akasema, "Unaitwa Kizimbani. Uje na vitu vyako."

Nilimaliza pindo la gauni kwanza.

Nikalikuta gari katikati ya mikarafuu, limezima, wageni watatu wa serikali wamesimama juani, Makame jasho linamtoka. Mkubwa wao, bwana wa makamo mwenye miwani, akauliza, "Gari la nani hili?"

Makame akasema, "La usafiri, mheshimiwa."

"La baba yangu," nkasema. "Kadi hii hapa. Na mie sifungui boneti mpaka niandikiwe kwamba linarudi nyumbani leo."

Wakuu, zama zile mtu aliweza kulala ndani kwa maneno machache kuliko hayo. Nikamnyooshea kadi kabla sijabadili mawazo.

Yule bwana akaisoma kadi. Akamgeukia Makame. "Ulipewa barua ya kulichukua?"

Makame akajipapasa mifukoni.

Akachana ukurasa wa daftari, akaandika, akatia saini, akanipa.

Nikafunga kisahani changu na pointi na kondensa za lori, nikapima nafasi ya pointi kwa wembe, nikapiga stata. Likawaka mara ya kwanza, na lile bomba bovu likapiga kelele mpaka kunguru wakaruka.

Wageni wakapanda kwangu. Makame akashika mlango. Nikamwambia, "Samahani, nafasi imejaa." Akarudi mjini kwenye lori, juu ya magunia.

Nyumbani baba alikuwa barazani na kahawa yake. Nikamsimulia yote. Akauliza kitu kimoja tu.

"Ulimwambia nafasi imejaa?"

"Naam."

"Ilikuwa imejaa kweli?"

"Hapana, baba."

Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzuni.

Basi vijana, mkiambiwa mchague gari zuri au gari linalotembea, msichague. Kipya kikae kwenye matundu yaliyopo, cha zamani kifungeni mkiweke. Na kadi msimpe mtu.

Haya, mafundi nikosoeni, wenye magari ya wazee wenu leteni visa. Na wa kusema chai, semeni tu. Nipo, na miwani nshavaa.