Shali ya Siku Moja

Mvua ndiyo iliyoniingiza katika kikundi cha kusokota uzi. Nilikuwa natoka sokoni hapa Migori mjini, Jumamosi moja, ikanishika mbele ya ukumbi wa kanisa, nikakimbilia barazani. Ndani nilisikia wanawake wakicheka, na katikati ya kicheko, mlio wa kitu kinachozunguka kwa kasi. Nikachungulia. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi nyuma ya gurudumu la baiskeli lililofungwa kwenye fremu ya mbao. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga kibao cha chini, gurudumu likizunguka, na kutoka kwenye donge la pamba alilolishika, uzi ulikuwa unatoka. Unatoka tu, bila kuisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimevaa nguo maisha yangu yote, lakini sikuwa nimewahi kuona uzi ukizaliwa.

"Ingia, Madam," yule mama aliniita. Alikuwa mzazi shuleni kwetu, na kumbe ndiye mwenyekiti wa kikundi. "Usisimame hapo kama mkaguzi."

Mvua ilikatika, jua likatoka, watu wakarudi barabarani, na mimi bado nilikuwa ndani na pamba mkononi.

Kikundi chetu ni cha wanawake, isipokuwa mtu mmoja. Huyo ni mshona nyavu kutoka Karungu, mwanamume mcheshi ambaye hawezi kufanya kazi bila kuongea. Alikuja mara ya kwanza kumletea mwenyekiti samaki, akaona tunavyosokota, akasema hiyo ni kazi anayoifanya kila siku kwa paja lake na nyuzi za nailoni. Akapewa pamba. Ikamkatikia mara tatu, nne, akacheka mpaka akashika mbavu, na Jumamosi iliyofuata akarudi. Wenzake wa ufukweni wanamwita mama. Haimsumbui hata kidogo.

Basi, tulienda kwenye maonyesho ya wakulima na mipira yetu ya uzi, tukaipanga vizuri juu ya meza. Meza ya pili ilikuwa ya kikundi cha Homa Bay, ambacho kilianza zamani kuliko sisi. Mwenyekiti wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuja akachukua mpira wetu mmoja, akavuta uzi, akauinua juu watu wote wauone.

"Yawa! Dada zangu wa Migori, huu mnafungia mbuzi?"

Watu walicheka. Hata sisi tulicheka, maana alisema kwa utani na uzi wenyewe ulikuwa mnene kweli. Mwenyekiti wetu peke yake hakucheka.

"Njooni tushindane," alisema.

"Kushindana nini?"

"Pamba itoke shambani asubuhi, ikifika jioni iwe shali mabegani mwa mtu."

Yule mrefu akapiga makofi kama mtoto aliyeambiwa kuna soda. Palepale wakakubaliana. Mmoja wa wanachama wao ana shamba la pamba katika bonde la Lambwe, tutakutana huko. Nyuzi za mtande, zile zinazofungwa kwa urefu kwenye mtambo wa kufumia, kila kikundi kingekuja nazo tayari. Lakini mshindio, uzi unaopita katikati kwenda na kurudi mpaka nguo ikawa nguo, lazima utokane na pamba iliyochumwa siku hiyohiyo. Na shali ya atakayeshindwa itakwenda na mshindi.

Sikutarajia kusokota siku hiyo. Nilikuwa mgeni bado, nilijua kazi yangu itakuwa kuchuma na kushangilia. Lakini binti ya msokotaji wetu hodari akajifungua huko Rongo, naye, bibi mpya, hakuweza kubaki. Mwenyekiti alinijia shuleni wakati wa mapumziko, akaniita kando.

"Utasokota wewe na mshona nyavu."

"Mimi? Uzi wangu unakatika nikiuangalia tu!"

"Basi usiuangalie."

Tangu siku hiyo sikuwa na akili nyingine. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kwenye gurudumu nililoazimwa na kikundi kabla hata ya kunywa chai. Mume wangu alisema kwamba hata nikila ugali vidole vyangu vinausokota. Usiku nilikuwa nikifunga macho naona pamba.

Tulifika Lambwe siku moja kabla, tukalala kwa mwenye shamba, na alfajiri nilikuwa wa kwanza kuamka. Nilitoka nje nikasimama. Shamba lote lilikuwa jeupe, vitumba vimepasuka, na mwanga ulikuwa ndio unaanza kumwagika kutoka juu ya miinuko ya Kanyamwa. Moyo ulinidunda kama ninayeenda kufanya mtihani nilioutamani. Mwamuzi wetu, sista anayefundisha ufumaji katika chuo cha ufundi, alisimama kwenye ukingo wa shamba na filimbi. Akapuliza.

Tulivamia! Mimi nilikuwa nachuma kwa mikono miwili, nikijaza kanga niliyoifunga kiunoni, nikipiga kelele za bure tu kwa furaha. Nikatazama upande wa wenzetu, nikaona wa Homa Bay wamesimama. Wanapiga gumzo. Mmoja anakunywa uji.

"Wameogopa!" nilimwambia mshona nyavu.

"Wacha waogope," alisema, naye akaongeza kasi.

Hawakuogopa. Walikuwa wanangoja umande ukauke. Tulipoketi na pamba yetu, tukaanza kuitoa mbegu kwa kuviringisha chuma juu ya ubao, ilijikunja na kushikana kama nywele zilizonyeshewa. Brashi za waya tunazochania pamba zilijaa madonge. Haikuchanika. Mwenyekiti alitia mkono ndani ya kikapu, akautoa, akaunusa, akatutazama mmoja mmoja.

Tukaitandaza juu ya paa la banda la mbuzi, ambalo ni la mabati, ipate jua. Wa Homa Bay sasa ndio wanachuma, taratibu, wakiimba. Jua lilikuwa kali na pamba ilikuwa inaanza kupumua, inafura, inakuwa nyepesi, na ndipo upepo wa kisulisuli ukaja kutoka upande wa barabara. Niliuona ukija na vumbi lake. Nilipiga yowe lakini ulikuwa umeshafika. Ulilipitia paa lile ukainua pamba yetu yote hewani.

Sijawahi kukimbia vile tangu niwe mtu mzima. Tulikimbia wote, mwenyekiti amepandisha rinda, mshona nyavu akiruka juu kama golikipa. Pamba ilikuwa kwenye miiba, kwenye ua, kwenye kichwa cha sista. Mbuzi mmoja alikuwa amelishika donge mdomoni na anatafuna akinitazama. Watoto wa jirani walitoka wakatusaidia, na nilipogeuka nikaona wa Homa Bay nao wameacha kazi yao, wanakusanya pamba yetu huku machozi ya kicheko yakiwatoka. Mwenyekiti wao aliniletea kanga nzima imejaa.

"Shika, nyamera," alisema. Dada yangu, ndivyo alivyoniita. "Sitaki ushindi wa upepo."

Baada ya hapo tulifanya kazi kama wendawazimu. Wanachama wenzetu walitoa mbegu, wakachana, wakakunja pamba iliyochanwa kuwa vipande vyepesi mfano wa soseji, wakavileta mbele yetu. Mshona nyavu alikuwa kwenye gurudumu moja na mimi kwenye jingine, magoti yetu yakikaribia kugusana. Uzi wangu ukakatika. Nikaunga. Ukakatika. Nikaunga tena.

"Madam," alisema bila kuacha kusokota, "unauvuta kama mtu unayemdai. Rudisha mkono polepole. Mguu usikimbie."

"Mguu haukimbii!"

"Unakimbia. Nausikia."

Nikasikiliza, na kweli, mguu ulikuwa unaenda na moyo wangu. Nikapumua. Nikaupunguza. Nikaurudisha mkono nyuma, polepole, na uzi ukafuata. Ukafuata mpaka mkono ukanyooka wote, mrefu, sawasawa, na haukukatika. Nikauachia ujiviringishe, nikarudisha mkono tena, ukaja mwingine. Nilitaka kupiga kelele lakini niliogopa kuushtua. Sijui muda gani ulipita hapo. Chakula kilipita, mtu alinilisha kipande cha muhogo mdomoni, na mimi nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Jua lilipoanza kuinamia milima ya Gwasi, mwenyekiti alikuwa kwenye mtambo akifuma, mimi nikimsokotea na watu wakimpelekea uzi ungali na joto la mkono. Shali ilikuwa imevuka nusu. Ya wenzetu ilikuwa mbele yetu kidogo tu. Tulikuwa tunawakaribia! Na hapo tukasikia mlio, tak! Mti wa mbele wa mtambo wao, ule ambao nguo hujiviringishia, ulikuwa umepasuka. Mfumaji wao alishika kichwa.

Nakiri, nilifurahi. Nilimgeukia mshona nyavu, naye alikuwa amefungua mdomo kama mimi. Lakini mwenyekiti wetu alisimama, akaenda kwenye mizigo yetu, akachomoa mti wa akiba tuliokuja nao, akatembea nao mpaka kwao.

"Mama, unafanya nini?" nilimwita. "Tuko karibu!"

Hakugeuka. Alipiga magoti pale, akawasaidia kuufunga, akarekebisha mtande wao kwa vidole vyake mwenyewe mpaka ukanyooka. Ndipo akarudi, akaketi, akaniambia, "Lete uzi."

Yule mrefu alisimama akimtazama kwa muda. Kisha akaanzisha wimbo, wimbo wa kanisani unaojulikana pande zote mbili, na vikundi vyote viwili tukaimba, tukafuma kwa mdundo mmoja. Watu wa jirani walikuwa wamejaa uani. Wengine walikuwa upande wetu, wengine upande wao, wengine walishangilia tu kila mtu aliposogea. Nywele zilinisimama.

Wao walimaliza kwanza. Walikata nguo kutoka kwenye mtambo, wakamvisha sista, na umati ukalipuka. Sisi tulimaliza wakati jua limebaki kipande chekundu tu, tukapiga vigelegele kana kwamba sisi ndio washindi. Sista alizishika zote mbili, akazipitisha kwenye vidole, akazinyoosha kwenye mwanga. Ya Homa Bay ilikuwa nyepesi na laini, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Yetu ilikuwa nzito, imejikunja kidogo upande mmoja. Hakuhitaji kusema mengi. Tukapiga makofi.

Mwenyekiti wetu alikunja shali yetu, akaipeleka kwa yule mrefu kama tulivyokubaliana. Yeye aliifungua, akaizungusha mabegani, akaishika mbele kwa mikono miwili.

"Ber ahinya," alisema. Nzuri sana. "Hii ya kwenu ina joto. Siivui."

Na hakuivua. Alikula nayo samaki, alicheza nayo ngoma, tulipoagana alikuwa nayo bado. Kabla hatujaondoka nilimwendea. Niliomba anionyeshe shali ile, nikatafuta sehemu yenye uzi wangu, nikaipata. Pale katikati uzi unakuwa mnene, unajikunja kinundu, halafu ghafla unanyooka na kwenda vizuri mpaka mwisho. Nilimwita mshona nyavu aone. Nilimwita mwenye shamba, na mke wa jirani ambaye sikumjua hata jina.

"Hapa," niliwaambia, kidole kikiwa juu ya kile kinundu, "hapa ni mimi. Na hapa panaponyooka, hapo pia ni mimi."