Mama Vyuma na Kontena Lisiloruhusiwa Kuvuja

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, nisianze kwa kusema uongo: mafuriko yalikuja mwaka uliofuata. Huu ninaousema mimi ni mwaka niliong'olewa jino la mbele, nikawa nacheka huku nimeziba mdomo kama bibi harusi. Basi mwaka huo ndio mpwa wangu alipofiwa na mumewe, akaachiwa kontena.

Kontena lenyewe ni haya ya chuma yanayobebewa mizigo melini, marefu kama basi. Marehemu alilinunua likiwa limechoka, akaligeuza jimu. Ndani aliweka vyuma vya kunyanyua, benchi, na kioo kirefu cha watu kujitazamia misuli ambayo bado haijaota. Chini akatandika vipande vya matairi ili mtu akiangusha chuma asitoboe sakafu. Dirisha hakuweka. Mlango ni ule ule mkubwa wa mbele, basi. Mpwa wangu hajawahi kunyanyua humo kitu kizito kuliko ufagio, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Vyuma, na jina likamkaa.

Tulipotoka kuzika, ukoo ukakaa. Mdogo wake marehemu ni mnunuzi wa vyuma chakavu, na watu humwita Sumaku, kwa sababu hutembea na sumaku mfukoni, na akiona chuma hawezi kujizuia lazima akijaribu, hata kama ni kitanda cha mgonjwa aliyemwendea kumjulia hali. Sumaku akasema chuma cha kaka yake ni chuma cha ukoo. Mpwa wangu akasema kontena ndilo jembe lake, hana lingine. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Ndipo shangazi wa marehemu, mama mmoja ambaye hata wakwe zake humwogopa, alipokata shauri: kontena ni la mjane maadamu linasitiri watu. Siku litakapovuja si jimu tena, ni chuma chakavu, Sumaku aje na lori alichukue. Wote tukaitikia, mimi wa kwanza, maana fizi ilikuwa inanipwita na nilitaka kwenda kulala.

Baadaye ndipo nilipoelewa tulichoitikia. Akilikosa kontena, pa kukimbilia ni kwangu, na kwangu ni chumba kimoja, na mimi nakoroma. Hilo analijua tangu akiwa mdogo.

Basi akaanza kulitunza. Kwanza aliwaita vijana wanaokuja kutunisha vifua, akawaambia leo zoezi ni hili: nyanyueni pembe ya kontena. Wakanyanyua kwa majiti na kwa kelele, yeye akapenyeza mawe chini, pembe baada ya pembe, ili maji yapite bila kulala. Kila mvua zikikaribia alikwangua kutu kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi yenyewe. Pale watu wanaposhika kwa mikono yenye jasho ndipo kutu ilipopenda kuanzia, kwa hiyo kila jioni alipapangusa kwa kitambaa kikavu, akinung'unika kama anayemwogesha mtoto mtundu.

Mwaka mmoja rangi ilimshinda bei. Akasikia mahali kwamba chuma hupenda mafuta. Jirani yake alikuwa anakaanga samaki kando ya njia, na mafuta yakichakaa humwaga. Mpwa wangu akayaomba, akalipaka kontena lote, ubavu hadi ubavu. Kutu kweli haikuonekana. Lakini jua lilipopanda, jimu ikanukia samaki mpaka kona ya pili. Paka wakahamia juu ya paa. Watu waliokuja kupunguza matumbo walikuwa wakifanya zoezi robo tu, wanameza mate, wanatoka mbio moja kwa moja hadi kwa jirani. Jirani akaongeza karai. Mpwa wangu alilisugua kontena kwa sabuni na majivu hadi mikono ikachubuka, na paka wa mwisho alikubali kuondoka kwa shingo upande.

Muda wote huo Sumaku alikuwa anapita kusalimia. Salamu yake ni kugonga ukuta kwa kidole, huku ameinamisha sikio kama daktari.

"Shemeji, leo linakohoa," atasema.

"Na wewe nikikugonga hapo kifuani utakohoa," mpwa wangu atajibu, bila kuacha kufagia.

Sasa, lililomponza ni bidii yake mwenyewe. Mpira wa kuzunguka mlango ulikuwa umepasuka, upepo unapita. Akatafuta mpira mpya, akaubandika vizuri mno, mlango ukifungwa hata chungu hapenyi. Asubuhi moja ya baridi, baada ya mvua ya usiku, vijana wamejaa ndani, wamejifungia, wanahema kama farasi. Sumaku akaingia kusalimia. Kabla hajagonga popote, tone likamwangukia katikati ya upara.

Akagusa upara, akatazama kidole, akatabasamu kama mtu aliyeletewa habari za mtoto wa kiume. Akatoka kwenda kumwita shangazi.

Tukakusanyika tena. Mpwa wangu akasema paa halina tundu, ameliangalia inchi kwa inchi, hayo ni majasho ya watu yanayopanda na kurudi. Sumaku akacheka, akauliza ni lini jasho lilijifunza kupanda ukuta. Kama ni jasho, akasema, litakuwa na chumvi. Hoja ikatukalia vizuri sote. Shangazi akanigeukia.

"Mjomba mtu, wewe huna upande. Onja."

Nikapitisha kidole darini, nikaonja. Mpwa wangu ananitazama usoni. Nilitamani ulimi ule uwe wa mtu mwingine. Maji hayakuwa na chumvi hata chembe, na nilisema hivyo hivyo. Sumaku akatoa simu kumtafuta mwenye lori.

Mpwa wangu hakulia. Alimwomba shangazi jambo moja tu: paa liachwe likauke kwa jua mpaka pasiwe na wa kusingizia mvua, halafu asubuhi ya baridi wote waliomshitaki waingie, wafunge mlango, wafanye mazoezi. Lisipodondosha kitu, atalibeba kontena mgongoni mwenyewe ampelekee shemeji.

Shangazi akakubali, na akikubali shangazi, wewe nani?

Siku ilipofika, kijana alipanda juu na kitambaa cheupe, akapangusa paa, akashuka nacho kikavu, kina vumbi tu. Tukaingia, sisi wa ukoo na vijana wa jimu, mlango ukafungwa. Shangazi akakalia benchi kama hakimu, fimbo mkononi, akihesabu. Sumaku akapewa kuchuchumaa na kusimama. Mimi nilipewa kurusha mikono, kwa heshima ya umri. Tukahema. Kioo kikapata ukungu. Sumaku, shati limemganda mgongoni, akaomba apumzike.

"Ulipokuwa unagonga ukuta ulikuwa huchoki," shangazi akamwambia. "Chuchumaa."

Basi tone likaanguka. Likatua kwenye miwani ya shangazi. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya khanga, akatazama juu, akamtazama Sumaku aliyekuwa bado amechuchumaa kwa kuwa kusimama kumemshinda.

"Juu kukavu, ndani tumelowa. Hili halivuji, linapumuliwa. Mwacheni mtoto wa watu na kontena lake."

Sumaku alitembea kwa kushika kuta kwa siku kadhaa. Halafu mpwa wangu, badala ya kumcheka, alimfuata akamwomba grenda, kwa kuwa kontena lilihitaji matundu ya hewa pande mbili na grenda ya karibu ni yake. Sumaku akaja akalikata mwenyewe, kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona nao, akapiga rangi kingo zisishike kutu, akaweka na vikingio vya mvua juu yake. Alipomaliza akaomba vile vipande vya chuma alivyovikata. Akapewa. Akavijaribu kwa sumaku kwanza, akaridhika, akaondoka navyo kwapani.

Kontena lipo hadi leo, na mpwa wangu yumo. Mimi ndiye niliyebaki na jambo. Nimemuuliza shangazi, akaniambia nisimchoshe. Nimemuuliza muuza dawa, akaniuliza kama nimekula. Nimemuuliza hata Sumaku, akasema muulize aliyeonja. Kama lile tone lilikuwa jasho letu, na jasho letu lina chumvi, sasa chumvi yetu ilibaki wapi?