Meza ya Tatu ya Maxine

Maxine Tarrant hakuwa na digrii, alikuwa na mdomo. Aliingia mabenki ya London akiwa na miaka kumi na minane, akitokea Dagenham, mtaa wa makabwela, kazi yake kupokea simu tu. Sasa ana hamsini na tisa, ameshajenga meza mbili katika benki mbili, na hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Meza, nielewe, si mbao. Ni watu wanane na simu zao, wanaouza na kununua makapu ya hisa: unanunua kapu moja, unapata vipande vya kampuni mia. Mteja anapiga, unamtajia bei ya kununua na ya kuuza bila kujua anataka ipi. Akikubali, imekwisha, huna pa kukimbilia.

Basi meza ikiwa na wiki tatu tu, mwezi wa tano, Gethin akaharibu. Huyu ni mtu wa Wales, miaka arobaini na moja, aliyekaa chini ya Maxine miaka tisa, akimfuata meza hadi meza. Alimuuzia mteja kapu kubwa la hisa za Japani. Skrini ilimwambia bei ni ya leo. Kumbe Tokyo walikuwa kwenye sikukuu, wamefunga siku tatu, na bei ile ilikuwa kiporo. Masoko mengine yote yalikuwa yamepanda. Kwa ufupi, aligawa mali ya benki bure, mchana kweupe!

Mteja mwenyewe, Alasdair Mowat, anayetunza pensheni za madereva wa mabasi kule Edinburgh, akapiga simu.

"Maxine, mama yangu, bei ya jamaa yako tamu mno. Amekosea huyu. Tuifute, yaishe?"

"Alikwambia amekuuzia?"

"Aliniambia."

"Basi kakuuzia. Kula, mwizi mkubwa we!"

Alasdair akacheka. Maxine alipokata simu hakuwa na kicheko.

Crispin Vane, mkuu wa ghorofa nzima, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kosa liwe na mwenyewe. "Gethin aondoke kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Siwezi kwenda kwa wakubwa mikono mitupu." Gethin aliinamia kibodi, shingo imemwiva kwa aibu. Mkewe alikuwa amejifungua majuzi tu.

Maxine akafungua kalenda ya sikukuu, ile inayoiambia skrini soko lipi limefungwa. Meza ilipoanza, watu wa kompyuta walitaka kuijaza wao, yeye akawafukuza: niachieni mimi, kazi hii nimeianza hamjazaliwa. Ujuaji huo! Akatazama Japani. Zilitakiwa siku tatu, yeye alikuwa ameandika moja. Hakuna mwingine aliyelijua hilo.

Sikufichi, alifikiria kunyamaza. Nani angemwajiri tena mwanamke wa karibu sitini mwenye doa kama hilo? Akanywa nusu kikombe cha chai. Kisha akasimama.

"Crispin, kalenda niliijaza mimi. Gethin kasoma nilichoandika."

"Kaa chini, Maxine. Unajua unachosema?"

"Nakijua kuliko wewe. Muache mtoto wa watu."

Crispin akawa amepata mwenye kosa wake: kufika saa nane mchana mlinzi alikuwa amesimama kando ya Maxine na boksi la vitu vyake. Miezi sita nyumbani, mshahara unaingia, ila marufuku kuongea na mteja yeyote. Wenyewe wanaiita likizo ya bustani, na Maxine anakaa ghorofa ya tatu, hana hata chungu cha maua.

"Bosi, mimi ndiye nilipaswa kuuliza," Gethin akasema, macho yamejaa machozi.

"Ulipaswa. Kesho uliza. Na usinililie hapa, watu wanatazama."

Simu ikalia. Alasdair tena. Mkono wa Maxine ulikwenda wenyewe kwa mazoea; mlinzi akakohoa. Gethin akapokea.

"Kapu la Korea? Subiri, ndugu yangu." Akasimama, akapaza sauti: "Seoul wamefungua leo? Nani kahakikisha?" Wawili wakamjibu kwa pamoja. Akataja bei zake mbili, taratibu, bila kubabaika.

Maxine alisimama mlangoni na boksi lake, akingoja. Kila bei kubwa, kwa miaka yote tisa, Gethin alikuwa akimgeukia kwanza aone anasemaje. Safari hii hakugeuka. Ilimuuma kuliko kufukuzwa, na hapo hapo akajua kwamba meza hii ameijenga kweli.