Mume Wangu Alisema Sina Kifua

Bwana Mhariri, kosa ni langu mwenyewe, na jina langu tafadhali usilitaje!

Mume wangu alikuwa akikata mkonge hapa Korogwe. Siku moja natwanga kisamvu nyuma ya nyumba, nikamsikia barazani akimwambia rafiki yake, "Mke wangu sina la kumsema, ila hana kifua. Nafikiria kuoa mwingine."

Mchi ukanitoka mkononi. Nikajitazama. Kweli! Watoto watano wamenyonya, wakaniachia ngozi. Lakini nyuma nimejaliwa, hata kanga hainitoshi.

Kwetu Misima, Handeni, kuna bibi mmoja hukanda wanawake waliojifungua. Nikamwendea.

"Shikamoo bibi. Nimepungukiwa juu."

Akanigeuza, akacheka. "Marahaba mjukuu wangu. Mbona nyama unayo? Imekaa pasipo pake tu. Tutaihamisha!"

Basi siku saba nililala kifudifudi nikisukumwa makalio yapande kifuani, kwa mafuta ya mbarika ya moto na majani yanayowasha. Akimaliza ananikaza kaniki kiunoni, eti nyama isirudi! Nami mjinga, kila asubuhi kisimani nawaonyesha wenzangu: "Tazameni, imefika mbavuni!"

Kumbe ni malengelenge. Nilirudi Korogwe nimesimama ndani ya lori njia nzima, maana pa kukalia sina. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mume wangu alinipokea mlangoni kakunja uso.

"Umefanya nini, mama watoto?"

"Si ulisema sina kifua!"

Akashika kichwa. "Nilisema huna kifua cha kuweka siri! Nimepata shamba Sindeni, naogopa kukwambia, ndugu zangu wasije wakalidai. Na sasa makalio yako yanajulikana mpaka Mkata!"

Jamani, nililia! Mwezi uliofuata akaoa. Nikamtazama bibi harusi: mbele bapa kama ubao! Lakini hasemi neno. Ndiye anayeishi na mume wangu huko shambani. Mimi niko hapa na watoto watano, nauza maandazi, na roho inaniuma kuliko yale malengelenge.

Dada zangu, mume akisema neno, muulizeni maana yake kabla hamjamvulia nguo mkandaji. Na jifunzeni kunyamaza! Mimi sasa nimejifunza.

Shamba lenyewe ni ekari nne za mahindi, ukivuka kijito tu mkono wa kulia. Lakini nimewaambia ninyi peke yenu, shemeji zangu wasijue.